Mtoto Mchanga Kutoka Bonde la Rukwa

Ninyi mnaopita hapa kwangu Malangali mkiniamkia shikamoo huku macho yako kwenye simu, marahaba. Kaeni. Juzi mmoja wenu, simtaji, aliniuliza, "Bibi, hivi wewe zamani ulikuwa unafanya kazi gani?" Nikamjibu, kazi ya giza. Akasogeza kiti nyuma! Hapa Sumbawanga huwezi kumwambia mtu kwamba umefanya kazi ya giza ukategemea amalizie chai yako. Jina lenyewe la mji wanasema maana yake ni kutupa uchawi. Wageni wanatutania nalo na sisi tunacheka, lakini akipita mtu amebeba kitu kilichofunikwa vizuri mno, shingo zote zinageuka.

Basi leo nawaeleza giza lenyewe lilikuwa la namna gani, maana naona mnaanza kunitafutia jina.

Nilianza kazi kwa Mzee Sefu, aliyekuwa na studio ya picha pale Katandala, jirani na stendi ya maroli. Familia yake ilikuwa ya wafanyabiashara, ndugu zake wana maduka ya vitambaa na mabasi, yeye peke yake akapenda kamera. Mbele kulikuwa na pazia lenye maporomoko ya maji, hata kama mteja hajawahi kuona maporomoko maishani. Nyuma kulikuwa na chumba cha giza. Humo ndimo tulimosafishia picha. Mzee Sefu alinifunga kitambaa cha macho mchana kweupe, akanipa mkanda wa kamera na kuniambia niuzungushe kwenye kigurudumu chake bila kuupinda. Nikaupinda. Akanipa mwingine. Wiki nzima nilikuwa napapasa tu mle dukani kama kuku wa jioni, wateja wananicheka, na yeye anawaambia, "Mwacheni Skola, anaota macho vidoleni."

Na kweli niliota. Mpaka leo umeme ukikatika ninyi mnapiga kelele, mimi naendelea kuchambua mchicha.

Mzee Sefu alikuwa mpole, ila mlango wa chumba cha giza ulimtoa upole wote. Mwaka mmoja tulipiga picha za Komunyo ya Kwanza, watoto wa parokia nzima, mabinti na magauni meupe, wavulana na suti za kuazima. Yuko ndani anasafisha, mke wake Bi Zuwena akamwonea huruma, akasukuma mlango na birika la chai mkononi. "Mume wangu, unywe kabla haijapoa." Mwanga ukaingia pamoja na chai. Picha zote zikafa palepale! Ikabidi watoto waitwe upya. Mmoja wao, Gaudensi, suti aliyoazima ilikuwa imeshasafiri na mwenyewe kwenda Mpanda, kwa hiyo akapigwa picha ya Komunyo na kaptula ya shule. Alilia mpaka kamasi likaonekana kwenye picha. Mshikeni huyo Gaudensi kichwani, tutakutana naye mbele.

Baada ya siku hiyo Mzee Sefu akachukua ubao na rangi nyekundu, akaandika: USIFUNGUE. GIZA LIKO KAZINI. Akaugongomea mlangoni.

Halafu zikaja simu zenu hizi. Sina kinyongo nazo, ila zilitumaliza. Kila mtu akawa mpiga picha, na picha hazisafishwi tena, zinazaliwa safi. Mzee Sefu alipofariki, wanawe wakageuza chumba cha mbele kuwa stoo ya mahindi, na kwa heshima ya baba yao wakaniachia funguo za chumba cha giza. Nilikuwa naenda kufagia tu. Nafagia, nafunga, narudi kwangu. Watu walifikiri nimechanganyikiwa, na mimi mwenyewe siku nyingine nilifikiri hivyohivyo. Iliniuma sana, wajukuu zangu, kujua kitu kwa undani hivyo na kisihitajiwe na mtu yeyote.

Siku moja nafagia, akaingia binti mwembamba na begi kubwa mgongoni. "Shikamoo mama. Unanikumbuka? Mimi Editha wa Pito. Ulinipiga picha ya kitambulisho nilipoingia sekondari, ukaniambia nifumbe mdomo."

"Ulifumba?"

"Nilifumba."

Wazazi wake ni wakulima wa ulezi na mahindi kule Pito, wakatoliki wazuri, nawafahamu. Yeye alikuwa chuo kikuu, shahada ya pili, na alikuwa anatafuta kitu kimoja mjini pote hajakipata. Akauliza, "Mama, kile chumba chenu cha giza bado ni giza?"

Nikamwingiza, nikafunga mlango. Alizungukazunguka mle ndani akitafuta upenyo wa mwanga. Hakuuona. Nikasikia anacheka peke yake kwa furaha, na mimi nikaanza kucheka bila kujua tunacheka nini.

Alichokuwa anafanya ni hiki. Mnajua bonde la Rukwa lilivyo, mpunga, samaki, joto, ziwa. Editha alikuwa ameona kwenye ukingo wa mto mmoja kule bondeni, mahali maji yalipokata udongo ukasimama kama ukuta, tabaka la mchanga wa manjano katikati ya matope mawili ya ziwa. Tope chini, mchanga katikati, tope juu. Yeye akasema: ziwa lilikuwepo, likaondoka, upepo ukaleta mchanga, ziwa likarudi. Maana yake pale wanapolima mpunga leo paliwahi kuwa jangwa. Wenzake wengine walisema hapana, huo ni mchanga tu ulioletwa na mto. Njia ya kuamua ilikuwa kuuangalia vizuri na kuupima umri.

Nikamuuliza, mchanga una umri? Akanieleza polepole, na mimi nawaeleza vilevile. Punje ya mchanga ikifukiwa gizani inajichaji kama betri, kwa sababu ardhi yenyewe ina nguvu ndogo ya asili inayoipenya kidogo kidogo miaka yote. Ikitolewa juani, chaji yote inaisha mara moja, inaanza sifuri. Kwa hiyo ukiitoa ardhini bila kuionyesha mwanga, ukaipeleka maabara, wanapima chaji na kujua ni lini ililiona jua mara ya mwisho. Mchanga unakumbuka jua! Nilikaa chini kwenye gunia la mahindi. Maisha yangu yote nimelinda vitu visionwe na mwanga ili vitoe picha, na kumbe ardhi nayo inafanya kazi hiyohiyo, na haijawahi kufukuzwa kazi na simu.

Ndivyo nilivyoajiriwa upya uzeeni. Nikaenda naye bondeni misimu kadhaa na watafiti wenzake. Kazi yenyewe si ya maajabu, ila ina masharti, na atakayeifanya kati yenu anisikilize. Unakwangua ukuta mpaka upate uso safi. Unaweka bomba la chuma, mdomoni umeziba na nailoni nyeusi, unaligonga kwa nyundo liingie limenyooka. Usipige kwa hasira. Bomba likiyumba, mchanga ndani unachanganyika na wa nje, na umeharibu kila kitu ukidhani umemaliza. Likishajaa unalichomoa huku mwenzako anaziba, unafunga selotepu, unavika nailoni nyeusi tena na tena. Mchanga wa ncha mbili unahesabika umeshaona mwanga, huo ni wa kutupa. Wa katikati ndio hai. Sisi tulisema hivyo, "hai". Ukionwa na mwanga tulisema "umekufa". Nilileta neno hilo kutoka studio na watafiti wote wakalichukua, mpaka profesa wao.

Nyongeza yangu nyingine ilikuwa kamba ya katani. Wao waliandika kwa kalamu ncha ipi ilikuwa nje. Nikasema kalamu haisomeki gizani. Nikafunga kamba ncha ya nje, ili kidole kijue. Editha akaboresha, akasema tufunge fundo moja kwa bomba la tabaka la juu na mafundo mawili kwa la katikati. Tulikuwa tunabishana na kurekebishana hivyo kutwa, na nilikuwa na raha kuliko nilivyokuwa kijana.

Raha ilikatishwa na simu. Msimu wa kwanza tulipata bomba moja zuri la tabaka la manjano, tukalileta studio, tunalifungua kwa taa yetu nyekundu, mara mfukoni mwa dereva wetu kukawaka kama mchana. Mshikaji wake anampigia! "Mambo vipi, uko wapi?" Angemjibu kwamba yuko msibani, maana ule mchanga ulikufa mikononi mwetu. Editha alitoka akaenda kukaa nyuma ya stoo. Kuanzia hapo simu zote zilibaki nje kwenye karai, za maprofesa na za madereva pamoja.

Msimu wa mwisho tukarudi kwenye ukingo uleule. Ufadhili wa Editha ulikuwa unafika mwisho, na profesa alikuwa amemweleza waziwazi, tena kwa masikitiko, kwamba bila sampuli hai ya lile tabaka hana kitu cha kuandika. Mvua zilikuwa zimeanza mapema, mto umejaa. Tukagonga bomba asubuhi, likaingia vizuri, tukalichomoa, tukaliziba. Editha akawa anaandaa la pili. Nikasikia ardhi inaguna. Nikamvuta kwa nyuma ya shati tukaanguka wote wawili kwenye majani, na ukuta ule, tope na mchanga na tope, ukaporomoka mtoni. Maji yakageuka manjano kidogo, halafu yakawa ya kawaida.

Tukatazamana. Nilikuwa nimelikumbatia bomba kifuani. Mafundo mawili. Lilikuwa ndilo pekee.

Gari letu lilikuwa limezama kwenye tope na dereva alibaki nalo. Sisi tukapata roli la mpunga linalopanda Sumbawanga. Mbele palikuwa na nafasi ya mtu mmoja, na Editha kwenye zile kona za mlimani ni mtu wa kutapika, kwa hiyo nikamwambia apande mbele karibu na dirisha. Mimi nikapanda nyuma juu ya magunia pamoja na wachuuzi. Sasa lile bomba nilishikeje? Nikiliweka chini litabingirika kati ya magunia. Nikilishika, mkono mmoja wa kujishikilia hautoshi. Nikafanya ambacho mama yeyote wa Ufipa angefanya. Nikalifunga kwa kitenge, nikalibeba mgongoni.

Pembeni yangu alikaa mama mmoja wa samaki wakavu, Mama Tausi, mwanamke mwenye sauti na huruma kwa kiwango kilekile. Tumeanza kupanda mlima, injini inanguruma, akaniinamia. Nilisikia neno moja tu: "...mchanga?"

Nikajua habari zetu zimeenea, maana bondeni kote walituona tukichimba. "Ndiyo," nikasema, "mchanga."

"Loo, hongera! Wa lini?"

"Wa leo asubuhi."

"Leo asubuhi! Na safari ngumu yote hii?" Akatazama kile kitenge. "Funua basi kidogo, hewa iingie."

"Thubutu! Mwanga ukiingia tu, kwisha. Kifo."

Akakitazama tena kile kitenge. "Na mwenyewe yuko wapi?"

"Mwenyewe yuko mbele, anatapika."

"Maskini! Hospitali walimruhusu?"

Hapo injini ilipiga kelele nikasikia hospitali tu, nikacheka. "Hospitali wapi, mama? Tumechimbua wenyewe, kwenye ukingo wa mto, chini kabisa. Mungu katusaidia, maana palibomoka baada tu ya kutoa."

Mama Tausi akajishika mdomo. Akauliza kwa sauti ndogo sana, na hilo nililisikia vizuri: "Ana umri gani?"

"Ana", si "una". Ningekuwa na akili ningeshtukia papo hapo. Lakini sisi wa kwetu Kiswahili chetu kina Kifipa ndani, tunachanganya hizo kila siku, nikaona ni kawaida. Nikamjibu kwa madaha kabisa, kama mtaalamu, "Umri bado haujulikani. Inawezekana ni maelfu ya miaka. Tunapeleka ng'ambo wakapime."

Mama Tausi akahama. Akamnong'oneza aliyefuata, naye akahama. Mpaka tunamaliza mlima abiria wote walikuwa wamejazana upande mmoja wa roli na mimi niko peke yangu upande wa pili. Nikafurahi nimepata pa kunyoosha miguu. Mungu wangu!

Tuliposhuka stendi pale Katandala, ilikuwa mchana wa jua kali. Kabla mguu haujakanyaga chini utingo akapaza sauti, na vijana wa bodaboda wakatuzunguka. "Mfunue mtoto!"

"Mtoto gani?" nikauliza.

"Huyo mgongoni!"

Nikageuka kuangalia nyuma yangu, fikirieni, kama nitamwona. Wakaona nafanya usanii. "Jamani," nikasema, "huu ni mchanga!"

"Tunajua ni mchanga! Ndiyo maana tunataka umfunue!"

Hapo ndipo neno liliponiangukia, lote, na safari nzima ya roli ikapita kichwani. Nilitaka kucheka nikashindwa, kwa sababu nyuso zile hazikuwa za kucheka. Nikafungua kitenge kuwaonyesha, na ikawa mbaya zaidi, maana walichoona ni kitu cheusi kimefungwa gubigubi. Mwanamke mmoja akalia, "Wamemtia kwenye bomba!" Mkono ukatoka kwenye umati ukashika nailoni. Ikachanika kidogo, safu ya juu.

Editha alikuwa ameshuka na uso wa kijivu. Akaupiga ule mkono, akalichukua bomba akalikumbatia na mwili wake wote. Alieleza. Alieleza vizuri, kwa Kiswahili na kwa Kifipa, jangwa, ziwa, chaji, kila kitu. Kijana mmoja akamwambia bila ubaya, "Dada, maneno mazuri, lakini si ufungue tu tuone?" Na kwa mtu asiyejua, ni haki kabisa. Kama huna cha kuficha, unafichaje?

Akaja mwenyekiti wa mtaa. Watu wakampisha. Akasikiliza upande huu, akasikiliza upande ule, Mama Tausi akiwa analia kweli kweli kwa ajili ya mtoto. Mwisho akasema, "Kifunguliwe hapahapa, watu waone, wote tuwe na amani."

Editha akasema, "Mzee, nikifungua hapa juani, nimekwisha. Mahali ulipotoka pameshaenda na maji. Hakuna mwingine." Machozi yalikuwa yanadondoka kwenye nailoni.

Nikamtazama yule mwenyekiti. Nikamtazama vizuri. Nikaita, "Gaudensi!"

Akashtuka. Watu walizoea kumwita Mheshimiwa.

"Gaudensi, picha yako ya Komunyo, ile ya suti, iko wapi?"

Mwenyekiti akanitazama, akatazama ule mlango wa stoo ya mahindi hatua chache tu kutoka pale. "Haipo," akasema. "Ilikufa."

"Iliuawa na nini?"

"Mwanga."

"Kilichomo humu kitauawa na huohuo. Hujakataliwa kuona. Njoo uone ndani. Chagua na wa kuingia naye, asiyetuamini kuliko wote."

Akamnyooshea kidole Mama Tausi. Yule mama alijifuta machozi, akaipanga kanga yake kiunoni kama anaenda vitani, akasema, "Naingia."

Simu tukaziweka kwenye karai, ya mwenyekiti juu kabisa. Tukaingia wanne, nikafunga mlango, nikabonyeza taa nyekundu. Haikuwaka. Umeme umekatika!

Nilimsikia Editha akivuta pumzi. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mama, utaweza?"

Wajukuu zangu, sitawadanganya kwa unyenyekevu wa bure. Nilijua nitaweza. Ile wiki ya kupapasa na kuchekwa na wateja ilikuwa kwa ajili ya dakika ile. Nikalilaza bomba kwenye meza ya Mzee Sefu. Kidole kikatafuta kamba. Mafundo mawili, ncha ya nje. Nikavua nailoni, Editha anapokea na kuhifadhi kila kipande kwa mpangilio, hatugusani vibaya, hatuulizani. Selotepu. Kifuniko. Nikachota ile sehemu ya kutupa, iliyoona jua asubuhi tulipokwangua ukuta, na hapo nikasimama, kwa sababu kidole changu kiligusa palipo baridi na unyevu, palipoanza mchanga hai. Nikarudi nyuma.

"Mama Tausi, leta mkono."

Nikaumwaga kiganjani mwake. Nikamsikia anausugua kwa vidole, taratibu, kama mtu anayepima unga. Nje watu wanapiga kelele, ndani hatusikii ila punje zinasagana.

"Ni mchanga," akasema.

"Ndiyo."

"Mchanga mchanga."

"Nilikwambia tangu mlimani, mama."

Kikamtoka kicheko, jamani, kicheko cha mwanamke wa sokoni kwenye chumba cha futi chache! Mwenyekiti naye akapasuka. Editha akacheka huku analia. Mimi nacheka huku naziba bomba, kifuniko, selotepu, nailoni. Nilipofunga kamba ya mwisho nikasema, "Fungueni mlango."

Gaudensi akaupokea ule mchanga kwa Mama Tausi, akatoka na ngumi imefumbwa juu. Akasimama kwenye jua, akaifungua, ule mchanga wa ncha ukamwagika mbele ya watu wote. "Mmeona? Ni mchanga! Wa kufyatulia tofali!" Mama Tausi akadakia, "Na atakayemgusa huyu binti atanijua mimi!" Umati ukalipuka kwa kicheko, na yule kijana aliyechana nailoni ndiye aliyetupakia mimi na Editha kwenye bodaboda yake akatupeleka mpaka nyumbani, akikataa nauli. Kesho yake wote pale kijiweni walikuwa wananiita Mama Mchanga.

Sampuli ikasafiri. Editha alibaki anaangalia punje zilizobaki kwenye lenzi, akanionyesha: mchanga wa mto unang'aa kama kioo, lakini hizi zilikuwa za mviringo na zimefifia, kwa kusuguana zenyewe kwa zenyewe hewani. Upepo ulikuwa umepita humo. Ulibaki umri. Tukasubiri miezi, ulezi ukavunwa, mimi kila simu ikiita moyo unaruka.

Ikaita nikiwa jikoni. Editha hakunisalimia hata kidogo, yule mtoto mwenye adabu. Alipiga kelele tu: "Mama, mchanga uko hai! Ulikuwa hai wote!" Akaniambia hesabu zimekubaliana kutoka punje moja hadi nyingine. Mchanga ule uliliona jua mara ya mwisho zamani za kale, wakati mtu wa kwanza hajapanda ulezi Ufipa wala hajafua chuma. Ziwa liliondoka, jangwa likakaa, ziwa likarudi, na ushahidi wake ulipanda mlima kwenye mgongo wangu. Ameshapata shahada yake, anafundisha. Mlango wa maabara yake una ule ubao wa Mzee Sefu wa rangi nyekundu, aliouomba kwangu, na wanafunzi wake wote wanaujua kwa moyo.

Siku ile ya simu sikumaliza kupika. Nilijifunga kitenge kilekile, nikaenda sokoni moja kwa moja kwenye meza ya samaki. Mama Tausi alikuwa anafukuza nzi kwa upepeo.

"Uliniuliza kitu kwenye roli," nikamwambia, "nikakujibu bado haijulikani. Nimekuja na jibu."

Akaweka upepeo chini. "Ana umri gani?"

"Maelfu ya miaka. Mkubwa kuliko babu zetu wote tunaowajua majina, na wale tusiowajua."

Mama Tausi akapiga kigelegele, soko zima likageuka. Wakamuuliza, kuna nini, nani kajifungua? Akanishika mkono akauinua juu, mkono wake unanuka samaki, na akawajibu kwa sauti iliyofika stendi.

"Huyu hapa! Mtoto mchanga, maelfu ya miaka, na kona zote zile za mlimani hakulia hata mara moja!"